Insulini Safarini: Iogope Barafu Kabla ya Jua

Swali: Asalaam alaikum, daktari. Tunaishi Arua, mtaa wa Oli. Mama yangu ana miaka 61, na mwaka huu ni wa kumi na moja tangu aambiwe ana sukari. Anadungwa insulini ya mchanganyiko, ile ya 30/70 ya kichupa, yuniti 24 asubuhi na 14 jioni. Agosti, inshallah, naenda naye Umra. Tutapanda basi hadi Bombo, tulale kwa shangazi siku mbili, kisha Entebbe hadi Jeddah, halafu siku 14 Makkah na Madina. Pamoja na kurudi ni siku 19. Jirani ametuambia tujaze themosi barafu na kuitumbukiza dawa humo. Kiongozi wa msafara naye anasema dawa zote ziingie kwenye begi kubwa ili mikono ibaki huru. Mimi naogopa joto la kule. Je, dawa itafika nzima?

Jibu: Wa alaikum salaam, mwanangu. Mungu awafikishe salama na aikubali ibada ya mama. Dawa itafika nzima, na barafu huihitaji. Joto nitalifikia, lakini naanza na ushauri wa jirani kwa sababu ndio ulionishtua kuliko yote uliyoandika.

Miaka michache nyuma alikuja kliniki mzee mmoja anayefanya biashara ya samaki. Alikuwa ametoka Juba. Njiani alikuwa na makasha yake ya samaki yenye barafu, akaona hakuna friji bora kuliko hiyo, akakilaza kichupa cha insulini juu ya barafu usiku kucha. Siku ya tatu mashine yake ya kupimia haikuonyesha namba tena. Ilionyesha neno Hi, maana yake sukari imepita kiwango ambacho mashine inaweza kusoma. Na hakuwa amekosa kudunga hata mara moja! Nilipokiinua kile kichupa dirishani niliona vipande vyeupe vinaelea ndani kama maziwa yaliyokatika. Alilazwa siku tano. Alipona, namshukuru Mungu, lakini tangu siku ile mgonjwa akiniambia anasafiri namuuliza kwanza kama amebeba barafu, na ataiweka wapi.

Insulini ni protini, jamii moja na ute wa yai. Ikiganda imekwisha. Ikiyeyuka hairudi kuwa ilivyokuwa, hata ukiiona imetulia na kupendeza machoni. Ile ya mama yako ndiyo inayoumia vibaya zaidi, kwa sababu sehemu kubwa yake ni chembe ndogo mno zinazoelea kwenye maji, nazo ndizo zinazoifanya ionekane nyeupe. Chembe hizo zikigandishwa hushikana mabonge. Hapo sindano moja itavuta maji matupu na ya pili itavuta bonge. Leo sukari itapanda, kesho inaweza kuanguka ghafla, na wewe utadhani mama amekula vibaya.

Joto pia huiharibu, lakini huiharibu polepole, na watu wengi hawajaambiwa ni polepole kiasi gani. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kikae kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, na hapo kitadumu hadi tarehe iliyochapwa juu yake. Kichupa kinachotumika hakihitaji friji. Aina nyingi hukaa wiki nne nje, mradi joto lisipite nyuzi 25 au 30 kufuatana na karatasi iliyo ndani ya boksi. Soma karatasi ya dawa ya mama, kwa maana viwanda hutofautiana kidogo kwa siku na kwa nyuzi.

Tena kuna habari njema kutoka jirani zetu. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka pamoja na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na hali ya kambi ya wakimbizi ya Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako joto la ndani ya nyumba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa siku. Insulini za aina kadhaa ziliwekwa kwenye joto la namna hiyo kwa wiki nne, na nguvu yake ikabaki kama ya zile zilizohifadhiwa kwenye baridi. Kwa hiyo kichupa kilichopitisha mchana mmoja wa nyuzi 34 ndani ya mkoba, kivulini, hakijafa. Nimeona watu wakimwaga dawa nzima kwa hofu ya namna hiyo, na dawa yenyewe ni ghali na kuipata ni kazi. Lakini utafiti ule haukuzungumzia gari lililofungwa vioo juani, ambalo ndani yake joto hupita nyuzi 50 kabla hujamaliza kunywa chai. Hilo ni janga jingine kabisa.

Kwa hiyo kazi yako, mwanangu, ni kuikinga dawa na jua la moja kwa moja, na vyuma vilivyochemka, na barafu.

Sasa tupige hesabu. Mama anatumia yuniti 38 kwa siku. Kwa siku 19 ni yuniti 722. Kichupa cha mililita 10 cha hapa kwetu kina yuniti 1,000, yaani 100 kwa kila mililita. Kwa karatasi kimoja kinatosha. Lakini kichupa ni kioo, na sakafu za hoteli ni za marumaru. Beba viwili vipya. Kimoja mkifungue asubuhi ya safari na mwandike tarehe hiyo kwa kalamu kwenye lebo, ili wiki zake nne zianze kuhesabika siku hiyo na safari nzima iingie ndani yake. Kile alichokwisha kukianza nyumbani kibaki nyumbani. Cha pili ni cha akiba, hakifunguliwi mpaka cha kwanza kipate ajali au kitiliwe shaka.

Viwili hivi visikae mkoba mmoja. Kimoja akibebe mama, kingine ukibebe wewe, kila kimoja na sindano zake. Mkoba mmoja ukiibiwa Kampala au ukisahaulika kwenye teksi, safari haifi. Sindano anazohitaji ni 38, chukua 60. Ziwe za kutoka hapa hapa, zilizoandikwa U-100, kwa sababu duniani bado kuna sindano za U-40 ambazo mistari yake inahesabu tofauti, na ukichanganya sindano ya namna moja na dawa ya namna nyingine dozi inakuwa zaidi ya mara mbili au pungufu ya nusu. Zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, siyo kwenye kavera, yaani mfuko laini wa plastiki, anayesafisha chumba akajichoma.

Tuje kwenye basi. Arua iko juu na hewa yake ina nafuu, lakini mkishateremka Nebbi kuelekea Pakwach, kwenye Nile, joto linabadilika, na mtakaa nalo mpaka Karuma na mbele. Dawa isiwekwe kwenye buti la basi. Isiwekwe kwenye dashibodi hata kondakta akikuahidi kuitazama kwa macho yake mawili. Isilazwe sakafuni pale injini inapopumulia. Ikae mapajani mwenu, upande usiopigwa na jua, ndani ya mkoba wa kitambaa. Kama mnaweza kuchagua, chukueni basi la alfajiri au la usiku.

Kichupa kinachotumika hakihitaji kingine zaidi ya hapo. Cha akiba ndicho utakachokipoza, na hapo themosi ya jirani inaingia, ila kwa namna nyingine. Tafuta themosi ya mdomo mpana, ile ya kubebea chakula. Ijaze maji baridi kutoka friji, iache dakika kumi kuta zake zipoe, halafu mwaga maji yote na uikaushe. Kichupa kikiwa ndani ya boksi lake, kizungushie kitambaa kikavu, kiingize, funga. Kwa safari ya saa nane au kumi, na mkiwa hamfungui fungui kutazama, hiyo inatosha. Ukilazimika kutumia kipande cha barafu kwa sababu safari imerefuka, kifunge kwenye taulo nene, weka kadibodi katikati, na hakikisha kioo cha dawa hakigusani na kitu chochote kilichoganda.

Lakini mimi napenda zaidi njia ya bibi zetu. Unajua maji ya mtungi wa udongo, ule Waganda wanaouita ensuwa, yanavyokuwa baridi hata siku ya joto kali. Udongo unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, upepo unayageuza mvuke, na mvuke unapoondoka unachukua joto la mtungi. Nyumbani, umeme ukikatika siku nzima, weka dawa kwenye kikopo kikavu chenye kifuniko, kikopo ukiweke ndani ya mtungi mdogo, mtungi uketi ndani ya sinia la mchanga mbichi, kivulini, mahali penye upepo. Safarini unaiga jambo hilo hilo kwa kitambaa: kikopo kikavu cha bati chenye dawa ndani, kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa kizungushwe nje, kining'inie penye hewa. Kitambaa kikikauka, kiloweshe tena. Kuna mikoba inayouzwa nchi za nje kwa kazi hii, maarufu ni ile ya Frio. Ndani yake mna chembe zinazofyonza maji na kuvimba kama jeli, kisha zinayaachia taratibu kwa siku mbili hivi. Kama una ndugu Uingereza au Dubai, mwambie akuletee. Uzuri wa njia hizi zote ni kwamba haziwezi kugandisha dawa hata ukisahau.

Zinataka hewa, hata hivyo. Ukikifungia kitambaa kibichi ndani ya kavera au begi lililobana, mvuke hauna pa kwenda na dawa inapata joto la kawaida tu. Na zinafanya kazi vizuri zaidi penye hewa kavu. Makkah ni kavu, kitambaa chako kitakuwa rafiki wa kweli. Jeddah iko baharini, hewa yake imejaa unyevu kama ya Mombasa, na huko kitambaa kitasaidia kidogo tu. Bahati nzuri Jeddah mnapita.

Hapo Entebbe ndipo utakapokutana na ushauri wa kiongozi wa msafara. Mwambie kwa heshima kwamba hapana. Najua anataka wepesi wa kundi lake, lakini begi kubwa linaweza kubaki nyuma mnapobadilisha ndege, linaweza kukaa juani kwenye lami ya uwanja saa nzima, na chini ya ndege joto lake si letu kulipanga. Insulini, sindano, mashine ya kupimia, vipimo vyake (vile vijiti vya kuwekea tone la damu) na sukari ya dharura vyote vinakwenda na mama mpaka kwenye kiti. Ile sheria ya vimiminika visivyozidi mililita 100 haiwagusi. Kichupa ni mililita 10, na hata hivyo dawa huruhusiwa.

Omba barua ya daktari wake hospitalini kabla ya kuondoka. Iwe kwa Kiingereza, na mkipata shehe au mwalimu wa kuiandika kwa Kiarabu pia, vizuri zaidi. Iseme mama ni mgonjwa wa sukari, anatumia insulini na sindano, na ni lazima abaki nazo mkononi. Itaje jina la dawa yenyewe, siyo jina la kampuni peke yake, pamoja na yuniti zake, ili famasi ya Makkah ijue cha kutoa ikibidi. Vichupa vibaki kwenye maboksi yake yenye jina la mama. Barua ikae pamoja na pasipoti na kadi ya manjano ya chanjo, na nakala yake ipige picha kwenye simu yako. Ukaguzi utakuwa zaidi ya mara moja. Mashine ya eksirei ya mizigo haiharibu insulini, iache ipite. Ukiulizwa, sema mapema na kwa sauti ya kawaida: hii ni insulini ya mama, hizi ni sindano zake.

Ndani ya ndege wahudumu ni watu wema na wanaweza kukuambia wakuwekee dawa kwenye friji yao. Washukuru, ukatae. Mara nyingi kinachoitwa friji huko ni droo yenye barafu kavu au vipande vya barafu, na kwenye vishindo vya kushuka mnaweza kuisahau humo. Hewa ya ndani ya ndege ni ya baridi kiasi, mkoba chini ya kiti unatosha. Jambo moja ni kubwa hapa: nyumbani mama anadunga nusu saa kabla ya chakula. Kwenye ndege asidunge mpaka sahani iko mbele yake. Chakula kinaweza kucheleweshwa na mtikisiko, rubani akaamuru wahudumu wakae, na insulini iliyokwisha kuingia mwilini haisubiri mtu.

Saa hazitawasumbua. Saudi Arabia na Uganda tunatumia saa moja ile ile, kwa hiyo sindano ya saa moja asubuhi inabaki saa moja asubuhi. Nawaambia hili na wengine wanaosoma: Dubai imetutangulia saa moja, India saa mbili na nusu, na kwa tofauti ndogo kama hizo dozi husogezwa bila shida kubwa. Anayekwenda Guangzhou kununua bidhaa atakuta wametutangulia saa tano, na huyo azungumze na daktari wake kabla ya kuondoka, wapange kwenye karatasi.

Hotelini mtakuta friji ndogo chumbani. Msiiamini kabla ya kuijaribu. Nilipompeleka baba yangu mzazi India kutibiwa, chumba chetu kilikuwa na ile kadi inayochomekwa ukutani ndipo umeme uwake. Tukitoka, tunachomoa kadi, na friji inazimika pamoja na taa. Tuligundua siku ya pili kwa sababu maji ya kunywa yalikuwa vuguvugu. Friji nyingine zina tatizo la pili, nalo ni baya zaidi: ukuta wake wa nyuma unagandisha. Kwa hiyo usiku wa kwanza weka chupa ya maji tu mahali unapotaka kuweka dawa. Asubuhi ikiwa na barafu, usiweke dawa hapo. Ikiwa baridi ya kawaida, weka kichupa cha akiba kwenye mlango wa friji, mbali na sehemu ya kugandishia, ndani ya boksi lake. Ukinunua kipimajoto kidogo cha friji kabla ya safari utajisaidia sana. Na kama friji haieleweki, achana nayo. Chumba chenye kiyoyozi, dawa ndani ya kabati, inatosha kwa siku 14.

Kile kinachotumika kisipelekwe na kurudishwa friji mara tatu kwa siku. Kikae nje, kwenye kabati. Dawa ya baridi pia huuma zaidi inapoingia, mama atakuambia. Mkitoka kwenda Msikitini mchana beba tu kile mtakachohitaji. Mkiondoka baada ya sindano ya asubuhi na kurudi kabla ya ile ya jioni, dawa ibaki chumbani. Jua la Makkah mwezi wa Agosti hupita nyuzi 40 mara kwa mara, na Juni 2024 lilipita hata 50.

Kila kabla ya kudunga, mama akibingirishe kichupa taratibu kati ya viganja, mara kumi hivi, kisha mkiangalie kwenye mwanga. Kinatakiwa kuwa cheupe sawasawa kama maziwa. Mkiona mabonge, au ukungu mweupe umeganda kwenye kioo, au maji yamejitenga na hayachanganyiki, kitupeni. Lakini dawa iliyoungua na joto mara nyingi haionyeshi alama yoyote, na hapo mashine ya kupimia ndiyo jicho lenu. Kwa hiyo safarini apime zaidi ya nyumbani: kabla ya kila sindano, na kabla ya kulala. Vipimo vyake navyo vina adabu zao. Vikae kwenye kikopo chake kilichofungwa vizuri, visiwekwe friji wala juani, na mashine ikiwa imechemka sana hukataa kufanya kazi. Iache ipoe kivulini.

Sukari ikipanda siku mbili mfululizo bila sababu, chakula ni kile kile na mama haumwi, msiongeze yuniti kwa kubahatisha. Fungueni kichupa cha akiba, mrudi kwenye dozi yake ya kawaida, mpime. Ikishuka, mmejua mkosaji ni kichupa. Isiposhuka, au akianza kutapika, kiu kali, kuhema kwa nguvu, usingizi usio wa kawaida, ni hospitali saa hiyo hiyo. Gari la wagonjwa Saudi Arabia huitwa kwa namba 997. Huko watakusomea sukari kwa namba kubwa kuliko mlizozoea, usishtuke: wanatumia miligramu kwa desilita. Namba ya mashine ya hapa zidisha kwa 18. Kumi yetu ni 180 yao.

Nakuomba sasa unisikilize kwa jambo ambalo hukuliuliza. Unaogopa joto litaua dawa. Mimi naogopa zaidi joto litaipa dawa nguvu ya ghafla mwilini mwa mama. Ngozi ikipata moto damu hukimbia karibu na ngozi, na insulini inanyonywa haraka kuliko nyumbani. Ongeza mwendo: tawafu, yaani kuizunguka Kaaba mara saba, kisha sai, ule mwendo wa kati ya Safa na Marwa mara saba, ambao peke yake unazidi kilomita 3. Mama wa miaka 61 ambaye Arua anakwenda soko na kurudi kwa bodaboda, mwili wake utaunguza sukari kuliko ulivyozoea. Na katikati ya umati, akianza kutetemeka na kutoka jasho, wote mtadhani ni joto na ibada.

Kwa hiyo apime kabla ya kuanza tawafu. Ikiwa chini ya 5, ale kitu kwanza. Mfukoni mwake, siyo mwako, pawe na sukari, maana mnaweza kupotezana. Ikishuka chini ya 4: vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, au nusu ya soda ya chupa ya mililita 300, ile ya kawaida yenye sukari. Subirini dakika 15, pimeni tena, rudieni ikiwa bado iko chini. Ikipanda, ale tende au mkate. Tende ni tamu na zina baraka, lakini mtu anayetetemeka anahitaji kitu cha majimaji kinachofika haraka. Kabla hamjaondoka, mwulizeni daktari wake kama yuniti zipunguzwe kwa siku za kutembea sana. Simjui mama kwa vipimo vyake, kwa hiyo hilo silijibu mimi. Na mtafutie viatu vinavyofunika vidole na vyenye soli nene. Wagonjwa wa sukari wengi hawahisi vizuri nyayo, na wanarudi na malengelenge ya lami waliyoyagundua hotelini.

Wiki hii, kabla ya haraka ya kufunga mizigo, fanyeni jaribio. Chukueni themosi au kikopo chenu, wekeni ndani chupa ndogo ya maji badala ya dawa pamoja na kile kipimajoto, mtembee navyo siku nzima mjini Arua. Jioni someni. Kikionyesha chini ya 2, mmekosea kwa baridi. Kikionyesha zaidi ya 30, kitambaa hakipati hewa au kimekauka.

Mkirudi, kichupa kilichosafiri kikiwa kimefunguliwa kitumiwe mpaka wiki nne zake ziishe, kisha kitupwe hata kama dawa imebaki. Cha akiba, kama kilikaa kabatini wakati wote, msikirudishe friji mkakihesabu kuwa kipya. Andikeni juu yake siku kilipotoka kwenye baridi, mkihesabie wiki nne kutoka hapo, na mama akitumie kabla ya kufungua kingine cha kwenye friji.